Jina la kigeu ni kitu utakachokitafuta kesho: yaliyonikuta na `kodi`, `panga` na `nyumba`

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Nataka tuzungumzie majina tunayovipa vigeu (vitu vinavyoshika thamani) na funksheni (vipande vya kazi vinavyoitwa kwa jina) kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, lakini kwa upande wa kuyatafuta. Kila anayefundisha anasema jina lieleweke likisomwa, na ni kweli. Ila mimi kwa siku natafuta msimbo kuliko ninavyousoma. Nafungua kihariri, naandika neno, naruka kwenye mstari, narekebisha, natafuta tena. Kwangu jina zuri ni lile ambalo nikiliandika kwenye kisanduku cha kutafutia linanipeleka ninapotaka na halinipeleki penginepo.

Nilipokea mfumo wa kusimamia nyumba na fremu za kupangisha. Waliutengeneza watu wawili kabla yangu, kwa lugha ya Python, majina karibu yote ya Kiswahili. Kuna mpangaji wa fremu ya duka, pango lake ni shilingi 500,000 kwa mwezi, ongeza VAT ya asilimia 18 ambayo ni 90,000, jumla 590,000. Risiti ikamtokea ya 106,200. Alipiga simu yeye mwenyewe, namheshimu sana kwa hilo.

Nikatafuta `kodi`. Mistari zaidi ya 300. Kwa mwandishi wa kwanza kodi ni pango, kodi ya nyumba kama sote tunavyosema mtaani. Kwa wa pili kodi ni ile ya serikali. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi kabisa. Funksheni ya risiti iliandikwa na wa kwanza:

```
def andika_risiti(mpangaji, kodi):
    jumla = kodi + kodi * 0.18
```

Anayeiita ni wa pili, akaipa `kodi` ya kwake, ile 90,000. Ongeza asilimia 18 juu yake unapata 106,200. Kompyuta haikulalamika, namba ni namba.

Nikajiona nina dawa: kila `kodi` ya pango iwe `pango`. Nikachagua folda ya upangaji, nikabonyeza kubadili zote. Sasa VS Code, kihariri ninachotumia, usipoiambia, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, wala haijali kama neno limesimama peke yake au limo ndani ya neno lingine. `kodisha` ikawa `pangosha`. `mkodishaji` akawa `mpangoshaji`. Na kwenye kiolezo cha risiti, maneno "Kodi ya Ongezeko la Thamani" yakawa "pango ya Ongezeko la Thamani". Git, inayotunza matoleo ya awali ya mafaili, ndiyo iliyoniokoa, nikarudisha yote nilivyoyakuta.

Tangu siku hiyo sibadili kitu kabla ya kukitafuta kwanza nikiwa nimewasha vile vitufe viwili pembeni ya kisanduku: Alt+C wa kujali herufi kubwa na ndogo, na Alt+W wa neno zima. Kwenye terminali natumia zana za kutafuta maandishi, `rg -w kodi` au `grep -rnw kodi .`, ni kazi ileile. Angalieni jambo moja hapo: kwa zana hizi kistari cha chini ni sehemu ya neno. Kwa hiyo `-w kodi` itapata `self.kodi` na `kodi-ya-mwezi`, lakini haitapata `kodi_vat` wala `kodi_mwezi`. Mtu asipolijua hili anadhani amezipata zote.

Nilichofanya mwisho ni kuliondoa neno `kodi` likiwa peke yake. Pango ni `pango_mwezi`. Ya serikali ni `kodi_vat`. Ile 0.18 nayo nikaipa jina, `KIWANGO_VAT`, maana kutafuta 0.18 kunakuletea hadi vipimo vya mpangilio wa ukurasa. Na bado wapo wanaouita msimbo wenyewe "kodi", kwa hiyo hata kwenye maelezo ya pembeni neno hilo nimeliacha.

Sasa neno lililonichosha kuliko kodi ni `panga`. Kupanga nyumba na kupanga orodha. Kwenye mfumo huohuo kuna `panga_orodha`, kuna `panga_nyumba`, kuna `mpango_malipo`, kuna `mpangaji`, `pangisha`, `pango` na `mpangilio`. Ukitafuta `pang` vinakuja vyote. Na `panga(wapangaji)`, kabla hujaifungua, huwezi kujua kama inawapa watu vyumba au inawaweka kwa alfabeti. Inawaweka kwa alfabeti. Nimeibadili kuwa `kwa_mfuatano`.

Wenzangu mnaoandika kwa Kiswahili mnafanyaje? Na nyinyi mnaoandika kwa Kiingereza, mambo haya hayawakuti?

#2

Mkuu umeshusha nondo, nimeweka kambi hapa.

Niko mwaka wa pili chuoni. Mwalimu wetu anakataza `i` na `j` kwenye lupu (msimbo unaojirudia), anasema tuandike `ii` na `jj` ili zitafutike. Wenzangu wanamwona wa kizamani. Ana hoja au hana?

#3

Mwanangu, mwalimu wako ana hoja na ina historia. Mimi nimeanza kazi hii zamani kidogo, nikupe nilichonacho.

Ile `i` inatoka kwa wanahesabu, lakini kwenye kompyuta ilitiwa nguvu na lugha ya FORTRAN ya IBM, mwaka 1957. Humo kigeu kinachoanza na herufi kuanzia I hadi N kilihesabiwa kuwa namba nzima bila wewe kusema lolote. Ndiyo maana kaunta zikawa I, J, K, na mkono wa watu ukazoea hadi leo. Majina nayo yalikuwa na mwisho wa herufi 6. Hata lugha ya C, kiwango chake cha 1989 kilihakikisha herufi 6 tu za mwanzo kwa majina yanayoonekana nje ya faili. Hesabu mwenyewe: `strlen`, `strcmp`, `strcpy`, `malloc`, `printf`. Watu wale hawakuwa wavivu, nafasi ndiyo ilikuwa hiyo.

Sasa kutafuta. Chombo tunachokiita `grep` alikiandika Ken Thompson pale Bell Labs, kinajulikana tangu 1973. Jina lake ni amri ya kihariri `ed`, `g/re/p`: pita faili zima, tafuta ruwaza hii (mfano wa maandishi), chapisha mstari. Ukitafuta `i` kwa chombo cha namna hiyo bila kukiambia neno zima, unaletewa karibu faili lote. Ukitafuta `ii` unaletewa lupu zako. Huo ndio mantiki wa mwalimu.

Lakini kwa anayeandika Kiswahili `ii` haisaidii kama inavyomsaidia Mwingereza. Tafuta `ii` kwenye faili lenye maelezo ya Kiswahili: hii, jamii, bidii, utii, zote zinakuja. `jj` na `kk` ziko salama, lugha yetu haina konsonanti pacha za namna hiyo. `nn` na `mm` usiziguse, kuna nne na mmoja.

Leo kwenye kihariri cha Vim weka kishale juu ya `i` ubonyeze `*`. Inatafuta `i` iliyosimama peke yake, haigusi kitu kingine. (`g*` ndiyo inayotafuta hata ndani ya maneno.) Kwa hiyo ushauri wangu: lupu ya mistari mitatu, andika `i`, unaiona yote kwa macho, hakuna wa kuitafuta. Lupu ikianza kuvuka skrini, mpe jina mtu wa watu. `namba_chumba` haikugharimu kitu.

#4

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu mleta uzi, pole kwa yaliyokukuta, ila mie nakupinga kidogo.

Maktaba zote tunazotumia ni za Kiingereza. Ukiandika Kiswahili unapata mchanganyiko: `getMalipo`, `hifadhiPayment`, `is_amelipa`. Anayetafuta lazima akisie mwenzake aliamka na lugha gani siku hiyo. Kwa Kiingereza `rent` ni pango na `tax` ni kodi, mjadala umekwisha. (Kwetu huku VAT ni asilimia 16, ile 0.18 yako ingetuumiza pia.)

Halafu kuna jambo la wingi. Nilitumia Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, nikaunda modeli `Mpangaji`, yaani msimbo unaowakilisha jedwali la data. Ikanijibu kwamba haioni jedwali `mpangajis`. Neno hilo sikuliandika popote! Nalitafuta kwenye mradi mzima, halipo. Natafuta `wapangaji`, lipo, na jedwali lipo. Nilipoteza asubuhi nzima kabla ya kufahamu kwamba Laravel yenyewe huchukua jina la modeli ikalitia "s" ya Kiingereza mwishoni. Dawa ni mstari mmoja:

```
protected $table = 'wapangaji';
```

Jina ambalo halikuandikwa na mtu haliwezi kutafutwa na mtu.

#5 (mleta uzi)

Mkuu wa Mombasa, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo uzi wenyewe, na ninakubaliana nawe kuhusu mchanganyiko. `getMalipo` ni mbaya kuliko Kiingereza kitupu na mbaya kuliko Kiswahili kitupu.

Ila sitaacha Kiswahili kwenye maneno ya biashara. Mwenye nyumba akipiga simu anasema "kilemba" (pesa ya kuachiwa fremu), anasema "dalali", anasema "fremu". Nikitafsiri kilemba kwa Kiingereza nitachagua neno moja leo, mwenzangu atachagua lingine kesho, na simu ikija wote tunaanza kukisia. Kwenye msimbo ni `kilemba`, nalitafuta hilohilo nililolisikia kwenye simu. Hapo Kiswahili kinanipa njia fupi zaidi kutoka mdomo wa mteja hadi kwenye mstari.

Kuhusu wingi, huo ni ugumu wetu wa kweli na tusiufiche. Kwa Kiingereza umoja na wingi huanza sawa, kwa hiyo kwenye orodha ya mapendekezo ya kihariri vinakaa pamoja. Kwetu `mpangaji` yuko kwenye M na `wapangaji` wako kwenye W, mbali kabisa. Mimi natafuta shina: `pangaji` inanipa wote wawili, hata `mpangajiId` wa upande wa JavaScript. Vivyo hivyo `teja` badala ya mteja. Kwa vitenzi ni ngumu zaidi. Shina la lipa ni `lip`, na `lip` inakuletea `clipboard`, `flip` na `slip` zote. Hapo naandika ruwaza, `rg '[aeimnu_]lip|\blip'`, au kwa uaminifu zaidi, nahakikisha kila kitu cha malipo kinaanza na `malipo_`.

Na kuna kundi la tatu, lililo baya zaidi: yale yasiyo na tofauti ya umoja na wingi. Nyumba moja, nyumba kumi. Tazameni hii, nimeikuta kwenye mfumo uleule:

```
nyumba = pata_nyumba(mwenye)
for nyumba in nyumba:
    tuma_ankara(nyumba)
print("Zimetumwa ankara", len(nyumba))
```

Python haikatai. Lupu inapita nyumba zote vizuri, kwa sababu orodha ilishashikwa kabla ya kuanza. Ikimaliza, `nyumba` si orodha tena, ni nyumba ya mwisho, na mstari wa `len`, unaohesabu vilivyomo, unaanguka. Ankara zimekwenda zote, mfumo unasema umeshindwa, karani anabonyeza tena, wapangaji wanapata ankara mbili. Siku hizi orodha naiita `nyumba_zote`. Na `siku`, `barua`, `namba`, `ankara` yenyewe, zote ziko kundi hilo.

#6

Nasoma kwa utulivu lakini naona mnapigana na vita vilivyokwisha. Tangu itifaki ya LSP, inayounganisha kihariri na programu inayochambua msimbo, itoke 2016 kila kihariri cha maana kinaelewa msimbo. Weka kishale juu ya `kodi`, bonyeza F2, badili jina, kigeu hicho tu ndicho kinachobadilika. Shift+F12 inakuonyesha kila kinapotumika. Haiwezi kuchanganya `kodi` ya pango na `kodi` ya serikali, kwa sababu haitafuti herufi, inatafuta kitu chenyewe. Kutafuta maandishi ni kwa asiye na zana.

#7

Mkuu #6, zana hizo ninazo na nazitumia kila siku. Nikueleze kilichotokea kazini kwangu.

Tulikuwa na `hesabu_maji` na `hesabu_umeme`. Mwenzetu mmoja, mtu makini, alikuwa anasafisha msimbo usiotumika. Shift+F12 kwenye `hesabu_maji`: haitumiki popote. Akatafuta pia kwa `rg`: mstari mmoja tu, ule wa kuitambulisha. Akaifuta. Tarehe ya ankara ilipofika maji yote yakaanguka. Aliyeandika mwanzo alifanya hivi:

```
kazi = getattr(self, "hesabu_" + aina)
```

Jina linaundwa wakati programu inakimbia. Kihariri hakilioni, `rg` hailioni, na aliyefuta hana kosa. Tumebadili ikawa hivi, ndefu zaidi lakini kila jina limeandikwa lote:

```
KAZI = {"maji": self.hesabu_maji,
        "umeme": self.hesabu_umeme}
```

Sasa ukitafuta unaona nani anamwita nani. Sipokei tena mabadiliko yanayounganisha jina kwa vipande, hata yakipunguza mistari kumi.

#8 (mleta uzi)

Asante mkuu #7, umenijibia. Niongeze kwa #6: F2 ni nzuri ndani ya lugha moja. Jina `mpangaji_id` kwangu linaishi Python, linaishi kwenye SQL iliyo ndani ya alama za nukuu, kwenye JSON linakuwa `mpangajiId`, kwenye kurasa za HTML `mpangaji-id`, na kuna `MPANGAJI_ID` kwenye mipangilio. F2 inaona moja kati ya hayo. Mstari huu unaona yote:

```
rg -i 'mpangaji[_-]?id'
```

Lakini unafanya kazi kwa sababu tu kila mahali ni maneno yaleyale mawili, kwa mpangilio uleule. Siku mtu akiandika `idYaMpangaji` upande mmoja, ruwaza haimpati. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba jina likishavuka mpaka wa lugha libaki lilelile.

Tena kwenye seva ya mteja, usiku, umeingia kwa SSH, yaani kwa mbali, una kihariri `vi` na `grep` basi. Hakuna LSP pale.

#9

Naunga mkono, na niongeze upande wa ujumbe wa makosa, maana huo nao ni jina, ndilo jina pekee mtumiaji analoliona. Kwenye Linux, mwongozo wa uandishi wa kiini chake unataka mistari isiwe mirefu, lakini umeweka ruhusa maalumu: ujumbe unaomfikia mtumiaji usikatwe, kwa sababu ukikatwa hauwezi kutafutwa kwa `grep`. Sisi tulikuwa na hii:

```
raise Kosa("Malipo hayaja"
           "thibitishwa na benki")
```

Mteja anatuma picha ya skrini, "Malipo hayajathibitishwa na benki". Unatafuta sentensi yake neno kwa neno, hakuna kitu. Unaanza kuhisi seva ina toleo jingine la programu. Uandike mzima hata ukivuka ukingo wa skrini.

Na wa C: mradi wa GNU unashauri jina la funksheni lianze mwanzo kabisa wa mstari pale inapotambulishwa, aina yake ikae mstari wa juu. Ukitafuta `grep -n '^andika_risiti' *.c` unapata ilipoandikwa, hupati wanaoiita. Ni mpango mdogo unaofaa sana.

#10

Dada yenu naomba kuuliza. Nina jina `UFUNGUO_BENKI`, nalijua kwa yakini liko kwenye faili la mipangilio la `.env`, lakini `rg` wala VS Code hazilioni. `grep -r` inaliona. Nimekosea wapi?

#11

Hujakosea dada. `rg` kwa kawaida inaruka mafaili yanayoanza na nukta, na inaruka kila kilichoandikwa kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git inaambiwa iyaache. `.env` inakamatwa kote kuwili. VS Code ndani yake inatumia `rg` hiyohiyo, na nayo inaheshimu `.gitignore`. Andika `rg -uu UFUNGUO_BENKI`, itaingia kote. `git grep` nayo usiitegemee kwa hili, inatazama mafaili yaliyosajiliwa kwenye Git tu.

#12

Ni yule wa mwaka wa pili. Nimesoma ile `for nyumba in nyumba` ya mleta uzi nikaona niitafute kwenye mradi wetu wa kikundi. `rg` ya kawaida ilikataa ile `\1` ya kurudia neno, ikataka niongeze `-P`, basi nikatumia grep:

```
grep -rnE 'for (\w+) in \1:' .
```

Zimetoka mbili. Moja ni `for namba in namba:`, haina madhara, baada yake hakuna anayetumia orodha. Ya pili ni `for siku in siku:` kwenye mahudhurio, na mistari minne chini tunagawanya kwa `len(siku)`. Siku zetu ni maandishi, "Jumatatu", "Jumanne", kwa hiyo `len` haianguki. Inahesabu herufi. Wiki tatu tunajiuliza kwa nini asilimia za mahudhurio zinagawanywa kwa 6 wakati siku za masomo ni 5.

Ijumaa ina herufi 6.

#13 (mleta uzi)

Mdogo wangu, hiyo ya kwako ni mbaya kuliko yangu, yangu angalau ilianguka. Nimeiendesha amri yako kwenye mfumo mzima sasa hivi. Zimebaki tatu nilizodhani nilishazimaliza, mbili ni za `ankara`.